Émile Levassor na Magurudumu ya Meno

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kusikia lori lenye mzigo likipanda mlima. Linakuja kwa nguvu, kisha sauti yake inaanza kulegea kama mtu anayeishiwa na pumzi. Mara sauti inakatika. Unasikia chuma kikikwaruza, krrr, halafu lori linaunguruma upya kwa sauti kali zaidi na kuendelea kupanda polepole. Hapo dereva amebadili gia.

Mkwaruzo huo una historia yake. Leo utasoma maisha ya Mfaransa mmoja aliyeitwa Émile Levassor. Alifariki mwaka 1897, wakati watu wengi duniani walikuwa hawajaona gari hata moja. Hata hivyo, magari mengi yaliyotengenezwa baada yake yalifuata mpango wake: injini mbele, nyuma yake klachi, kisha sanduku la gia, na nguvu ikaenda kwenye magurudumu ya nyuma. Ukiinama ukatazama chini ya lori lililosimama sokoni, huenda ukauona mpango huo.

Kiwanda cha misumeno

Levassor alizaliwa mwaka 1843 katika kijiji cha Marolles-en-Hurepoix, kusini ya mji wa Paris. Alisoma uhandisi katika chuo cha École Centrale mjini Paris. Katika chuo hicho alisoma pia kijana mwingine, René Panhard. Baadaye wawili hawa wakawa washirika katika kazi.

Kazi yao mwanzoni haikuhusu magari hata kidogo. Kiwanda chao kilitengeneza mashine za kupasulia mbao. Mwenye kiwanda alikuwa mzee Périn. Alipofariki mwaka 1886, kampuni ilichukua majina ya washirika waliobaki, ikaitwa Panhard et Levassor, yaani Panhard na Levassor.

Mtu anayetengeneza mashine za mbao hujua mambo mawili vizuri. Hujua chuma, na hujua magurudumu ya meno. Gurudumu la meno ni gurudumu la chuma ambalo ukingo wake umekatwa meno, kama meno ya msumeno lakini manene. Meno ya gurudumu moja huingia katikati ya meno ya jingine. La kwanza likizunguka, la pili nalo huzunguka. Ujuzi huo Levassor alikuja kuutumia mahali ambapo hakupata kufikiri.

Mjane aliyeshika hati

Huko Ujerumani, fundi Gottlieb Daimler alikuwa ametengeneza injini ndogo nyepesi ya petroli. Mtu aliyepewa haki za injini hiyo katika Ufaransa alikuwa Édouard Sarazin. Sarazin alifahamiana na Levassor, akamwomba kiwanda chao kitengeneze injini hizo. Lakini mwishoni mwa mwaka 1887 Sarazin aliugua akafariki.

Hapo mambo yangeweza kuishia. Mkewe, Louise, hakukubali yaishie hapo. Alifunga safari mpaka Ujerumani, akazungumza na Daimler mwenyewe, na haki za injini zikabaki mikononi mwake. Akazileta kwenye kiwanda cha Panhard na Levassor. Mwaka 1890 Louise na Levassor wakaoana.

Vitabu vingi vya magari humtaja mama huyu kwa mstari mmoja tu, tena kama mke wa fulani. Si haki. Bila hati zile, Levassor angeendelea kutengeneza misumeno.

Injini isiyojua kwenda polepole

Sasa tuingie katika shida yenyewe. Soma sehemu hii taratibu.

Ng'ombe wa kukokota anaweza kwenda haraka au polepole. Mzigo ukiwa mzito anainamisha kichwa, anavuta hatua kwa hatua. Injini ya petroli haiko hivyo. Ina nguvu pale tu inapozunguka upesi. Ukiilazimisha izunguke polepole mno, inatetemeka na kuzimika. Injini ya Daimler ilikuwa na kifaa kilichoifanya izunguke karibu kwa mwendo ule ule muda wote, mamia ya mizunguko kwa dakika moja. Lakini gari linataka kwenda polepole mlimani na upesi tambarare. Utafanyaje?

Chukua gurudumu dogo lenye meno 10 na gurudumu kubwa lenye meno 20. Dogo likizunguka mara mbili, kubwa huzunguka mara moja tu. Mwendo umepungua nusu, lakini nguvu ya kuzungusha imekuwa karibu mara mbili. Hiyo ndiyo gia ya mlimani. Ukitumia magurudumu mengine yanayokaribiana ukubwa, mwendo huongezeka na nguvu hupungua. Hiyo ndiyo gia ya tambarare.

Mafundi wengine wa siku zile walitumia mikanda ya ngozi. Gari la Karl Benz la mwaka 1886 lilikuwa na mkanda. Mkanda ni mpole, hauna kelele, lakini huteleza, hasa ukilowa. Levassor akaamua kutumia meno. Aliweka magurudumu ya meno ya ukubwa mbalimbali kwenye vyuma viwili virefu vinavyozunguka, ambavyo mafundi huviita shafti. Magurudumu ya shafti moja yaliweza kusukumwa huku na huku kwa mkono wa gia. Ukisukuma mkono, jozi moja ya meno inaachana, na jozi nyingine inakutana.

Magari yake ya kwanza ya namna hiyo yalitokea mwaka 1891. Mwaka huo huo yeye na Louise walisafiri kwa gari kutoka Paris hadi Étretat, mji wa pwani, safari ya zaidi ya kilomita 200. Watu waliokuwa njiani walitoka nje kutazama, na sidhani walikuja kwa sababu ya uzuri wa gari. Walilisikia kabla ya kuliona. Gia za mwanzo hazikuwa hata na sanduku. Zilikaa wazi chini ya gari, zikapakwa grisi, na vumbi la barabara likaja kukaa juu ya grisi. Kila gia ilipobadilishwa, chuma kililia.

Inasemekana Levassor mwenyewe alikiri kwamba njia yake ilikuwa ya kikatili, ila inafanya kazi.

Klachi inafanya nini, na haifanyi nini

Klachi ni kiungo kati ya injini na gia. Ukikanyaga klachi, injini inaachana na gia. Ukiinua mguu, zinashikana tena. Klachi ndiyo inayowezesha gari lililosimama kuondoka pole pole bila kuzima injini. Ni kazi kubwa, na Levassor aliiweka klachi mahali inapostahili, kati ya injini na gia.

Lakini watu wengi hudhani kwamba klachi ndiyo inayoingiza gia. Sivyo. Klachi inaondoa tu nguvu ya injini kwenye meno. Baada ya hapo yapo magurudumu mawili, kila moja linazunguka kwa mwendo wake. Moja linafuata magurudumu ya gari. Jingine linazunguka kwa mwendo liliouachiwa na injini. Ukiyasukuma yakutane wakati mwendo wao hautoshani, meno yanagongana vichwa. Huo ndio ule mkwaruzo.

Fikiri mtu anayetaka kudandia lori linalokwenda. Akisimama tu na kushika chuma, mkono utang'oka. Lazima kwanza akimbie mpaka mwendo wake ulingane na wa lori. Vikilingana, anashika na kupanda bila taabu, kana kwamba lori limesimama. (Usidandie malori, ndugu msomaji. Huu ni mfano tu.) Meno ya gia nayo ni hivyo hivyo. Yakizunguka kwa mwendo unaolingana, huingiana kimya kimya.

Kutokana na ukweli huu, madereva wa zamani waligundua jambo linaloshangaza: gari lililokwisha kuondoka linaweza kubadilishwa gia bila kukanyaga klachi kabisa. Madereva wengine wa malori makubwa hufanya hivyo hata leo, na dereva ambaye klachi yake imekatika njiani hana njia nyingine ya kufika nyumbani.

Hufanyaje? Kwanza anapunguza mafuta kidogo. Meno yanaacha kusukumana kwa nguvu, na gia inatoka kwa wepesi. Sasa gari liko fri, yaani halina gia. Kama anataka gia ya juu, anangoja injini ipungue mwendo. Kama anataka gia ya chini, anakanyaga mafuta kidogo ili injini iongeze mwendo. Muda wote anasikiliza. Mkono wa gia anausukuma kwa vidole tu, bila kutumia nguvu ya bega. Mwendo ukilingana, gia huingia yenyewe. Usipolingana, mkono unatetemeka na chuma kinalia, naye anarudi fri na kuanza upya.

Kwenye barabara tambarare, kukosea ni hasara ya meno. Vipande vya chuma humeguka, hudondokea kwenye oili, na kuharibu gia nyingine. Kwenye mteremko ni jambo jingine. Dereva akitoa gia na kushindwa kuingiza nyingine, lori linabaki fri, na mzigo unalisukuma. Kila sekunde mwendo wa magurudumu unaongezeka, na kila sekunde gia inazidi kuwa ngumu kuingia. Breki zinabaki peke yake, zinapata moto, na breki zenye moto mkali hazishiki. Watu wamekufa kwa njia hiyo. Kwa hiyo dereva mwenye akili huchagua gia ya chini akiwa bado juu, kabla hajaanza kushuka, awe na klachi au asiwe nayo. Na ikiwa klachi imekatika na mbele kuna milima na watu, ni heri kuegesha na kungoja fundi.

Levassor hakuwa na nafasi kubwa ya kucheza na mwendo wa injini yake, kwa kuwa ile ilizunguka karibu mwendo mmoja. Alitegemea klachi, kusubiri, na sikio. Sasa tazama alivyotumia vitu hivyo vitatu kwa siku mbili mfululizo.

Saa 48 na dakika 48

Mwaka 1895 Wafaransa walitayarisha mashindano ya magari kutoka Paris hadi Bordeaux na kurudi. Safari nzima ilikuwa kilomita 1,178, karibu sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza. Barabara zilikuwa za farasi na mikokoteni, hazikuwa na lami.

Magari yaliondoka tarehe 11 Juni. Levassor alikuwa na umri wa miaka 52. Gari lake lilikuwa na viti viwili, na injini yenye nguvu za farasi zipatazo 4. Pikipiki ndogo ya siku hizi ina nguvu zaidi ya hapo. Matairi yalikuwa ya mpira mgumu usio na upepo. Hapakuwa na usukani wa mviringo. Aliongoza kwa fimbo iliyo mbele yake, na kila jiwe barabarani lilimpiga mikononi. Taa zake ziliangaza hatua chache tu. Pembeni yake alikaa fundi mmoja.

Mipango ilikuwa kwamba mtu mwingine ampokee kuendesha katika mji wa Ruffec. Levassor alifika Ruffec usiku wa manane, mapema kuliko alivyotazamiwa. Mwenziwe alikuwa bado amelala. Levassor hakungoja. Akaendelea gizani.

Asubuhi ya tarehe 12 alifika Bordeaux. Akageuza gari, akaanza safari ya kurudi. Alipokuwa njiani aliyaona magari ya wenzake yakija upande wa pili, bado yakielekea Bordeaux. Hapo akajua ameyaacha mbali. Mtu mwingine angelala saa chache. Yeye hakulala, wala hakumpa mtu mwingine gari. Aliendelea kuendesha siku nzima na usiku wa pili.

Fikiri, msomaji, kazi ya mikono na miguu katika saa hizo. Kila kilima lazima gia ishushwe kabla injini haijazimika. Kila penye tambarare lazima ipandishwe. Kila mara ni klachi, kusubiri, kusukuma, kusikiliza. Mtu aliyekosa usingizi huanza kukosea vitu vidogo kama hivyo. Jino moja likivunjika, mashindano yamekwisha. Gia zake hazikuvunjika.

Tarehe 13 Juni, mchana, aliingia Paris mbele ya wote. Alikuwa ametumia saa 48 na dakika 48, wastani wa kilomita 24 hivi kwa saa. Gari la pili lilifika karibu saa sita baadaye. Inasimuliwa kwamba alipofika alikula mayai mawili na supu, na alionekana mchangamfu kuliko watu waliokuja kumpokea.

Zawadi ya kwanza hakupewa. Sheria za mashindano zilisema gari la kupata zawadi hiyo liwe na viti zaidi ya viwili. Zawadi ilikwenda kwa gari la Peugeot lililofika saa 11 hivi baada yake. Levassor akapewa ya pili. Kanuni ni kanuni, na aliijua kabla ya kuondoka. Lakini leo, ni wachache wanaolikumbuka jina la yule aliyepewa zawadi ya kwanza.

Mbwa barabarani

Mwaka uliofuata, 1896, yalikuwapo mashindano marefu zaidi, Paris hadi Marseille na kurudi. Levassor aliingia tena. Kusini mwa Ufaransa mbwa alikatiza barabara mbele ya gari. Gari likapinduka, na Levassor akatupwa chini, akaumia. Mwenziwe aliendelea na gari bila yeye.

Levassor alirudi kiwandani, lakini hakuwa tena mtu yule wa zamani. Tarehe 14 Aprili 1897 alifariki akiwa kazini kwake. Alikuwa na umri wa miaka 54. Wengi waliamini kwamba majeraha ya ile ajali ndiyo yaliyomwua.

Baada yake

Gia zenye mkwaruzo ziliishi miaka mingi baada ya bwana wao. Madereva walifundishwa kukanyaga klachi mara mbili kwa kila gia: mara ya kwanza kutoa gia, mara ya pili kuingiza nyingine, na katikati kusawazisha mwendo kwa mafuta. Kujifunza jambo hilo kulitaka muda na uvumilivu wa mwenye gari.

Mwaka 1928 magari ya Cadillac ya Marekani yalitoka na gia za namna mpya, zilizobuniwa na Earl Thompson. Ndani yake kulikuwa na vipande vya chuma vilivyogusana na kusuguana kwanza, ili kusawazisha mwendo, kabla meno hayajakutana. Kazi ya sikio la dereva sasa ilifanywa na chuma. Ndiyo maana katika magari mengi madogo gia huingia bila kelele. Matrekta mengi ya zamani hayana vyuma hivyo, na dereva wake huambiwa asimamishe trekta kabisa kabla ya kubadili gia. Magari mengine ya siku hizi hujibadilishia gia yenyewe. Yale ya umeme mengi hayana gia za kubadilisha, kwa maana mota ya umeme ina nguvu hata inapozunguka polepole.

Mjini Paris, mahali paitwapo Porte Maillot, ipo sanamu iliyozinduliwa mwaka 1907. Ni tao la mawe, na katikati yake limechongwa gari linalotoka mbele kama linamjia mtazamaji. Ndani ya gari amekaa Levassor, ameshika fimbo yake ya kuongozea, na watu wa mawe pembeni wanamshangilia anapoingia Paris.